Majarida ya Hifadhidata na Ratiba ya Kufuta Data kwenye Seva za Biashara

Waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wasimamizi wa seva na hifadhidata, wahasibu, wakaguzi wa ndani, mabibi na mabwana,

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida husikika katika biashara siku moja tu, nayo ni siku ambayo diski ya seva imejaa, mfumo wa mauzo umesimama, na kila mwenye neno la kusema anasema "futeni kitu". Ningependa tulizungumze leo, siku ambayo hakuna kilichojaa. Hoja yangu ni moja na nitaishikilia hadi mwisho: kufuta data na kuweka nakala rudufu ni uamuzi mmoja unaopaswa kupangwa kwenye ratiba moja, na hakuna faili wala rekodi inayopaswa kuondoka kwenye seva kabla hatujaweza kusema ni nani bado anaihitaji. Nitaanza na majarida ya miamala, yale ambayo wengi wetu kazini tunayaita logi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayofutwa kimakosa mara nyingi zaidi. Kisha nitaingia kwenye usafishaji wa data yenyewe.

Mteja anaponunua bidhaa, mfumo hauandiki jambo moja. Unapunguza idadi ya bidhaa ghalani, unaandika ankara, unaongeza deni kwenye akaunti ya mteja, na unaandika kodi kwenye jedwali jingine. Mambo hayo manne ni muamala mmoja: yafanyike yote au lisifanyike hata moja. Hifadhidata hutimiza ahadi hiyo kwa kuandika badiliko kwanza kwenye jarida, na jarida likishafika diskini kweli, ndipo mfumo unapojibu kwamba muamala umekamilika. Kurasa za majedwali zenyewe hubaki kwenye kumbukumbu ya muda na kuandikwa diskini baadaye, kwa wakati unaoifaa seva. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva inapowaka tena husoma jarida kuanzia chekipointi ya mwisho, yaani pale kurasa zilizobadilika zilipohakikishwa kufika diskini, ikarudia mabadiliko ya miamala iliyokamilika ambayo hayajafika kwenye majedwali, na kuhakikisha kwamba miamala iliyoachwa njiani haihesabiki. Utaratibu huu ulielezwa kwa kina mwaka 1992 na C. Mohan pamoja na wenzake wa IBM, katika mbinu iliyopewa jina la ARIES, na hifadhidata nyingi tunazozitegemea leo zinafuata misingi hiyo kwa namna moja au nyingine.

Kwa hiyo jarida ni sehemu ya data. Kwa mipangilio ya kuanzia ya PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, chekipointi hufanyika kila baada ya dakika 5, au mapema zaidi ikiwa jarida limekua haraka. Malipo yaliyoingia baada ya chekipointi ya mwisho huenda bado hayajaandikwa kwenye faili la jedwali, na katika dakika hizo ushahidi pekee uliopo diskini kwamba mteja amelipa ni ule ulio kwenye jarida. Anayefuta jarida hilo kwa mkono anafuta malipo.

Jarida lina kazi ya pili, ambayo wahasibu na wakaguzi wataithamini zaidi. Tuseme nakala kamili ya hifadhidata ilichukuliwa saa 6 usiku, kisha saa 8:40 mchana mtu akatoa amri isiyo sahihi na bei zote za bidhaa zikawa sifuri. Ukiwa na nakala ile ya usiku peke yake, utarudi saa 6 usiku na kupoteza mauzo yote ya asubuhi. Ukiwa na nakala hiyo pamoja na mfululizo kamili wa majarida tangu ilipochukuliwa, unaweza kuirejesha hifadhidata hadi saa 8:39, dakika moja kabla ya kosa. Lakini mfululizo huo lazima uwe kamili. Jarida moja likikosekana kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, urejeshaji utaishia saa 3, hata kama majarida mengine yote yaliyofuata yapo salama.

Sasa, kwa nini majarida hukua hadi kuijaza diski? Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "logi zimejaa" kana kwamba ni vumbi lililojikusanya. Ukweli ni kwamba hifadhidata zote kubwa zinajua kuyaachilia majarida yake zenyewe pale yanapokuwa hayahitajiki. Yakiendelea kurundikana, basi yupo anayeyahitaji bado, na kazi ya kwanza ya msimamizi ni kumtafuta huyo anayeyahitaji. Kufuta huja baadaye, kama kutahitajika hata kidogo.

Niruhusuni nilionyeshe hili kwa karibu, kwa hali ambayo kila aliyesimamia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, kwa muda ameikuta. Seva ya mauzo ina hifadhidata yenye gigabaiti 40 za data, na kando yake kuna faili la jarida lenye gigabaiti 300. Diski imefika mwisho, watumiaji wanapokea kosa namba 9002, na hakuna ankara inayoweza kuandikwa. Msimamizi akiuliza orodha ya mfumo inayoitwa sys.databases, kwenye safu ya log_reuse_wait_desc, atapata jibu la sababu inayozuia jarida kutumika upya. Mara nyingi jibu ni LOG_BACKUP, maana yake ni kwamba hifadhidata imewekwa katika hali kamili ya urejeshaji, hali inayotunza kila kilichoandikwa kwenye jarida hadi nakala rudufu ya jarida ichukuliwe, lakini hakuna aliyewahi kupanga kazi ya kuchukua nakala hiyo. Nakala kamili ya kila usiku inachukuliwa vizuri, ripoti inasema kila kitu ni salama, ilhali nakala kamili hailiachilii jarida. Linaloliachilia ni nakala ya jarida lenyewe.

Hapo ndipo uamuzi wa biashara unapoingia. Nakala ya jarida ikichukuliwa kila baada ya dakika 15 na kupelekwa nje ya seva, biashara imekubali kwamba seva ikiteketea itapoteza, kwa makadirio ya juu, kazi ya dakika 15. Ikichukuliwa mara moja kwa siku, imekubali kupoteza siku nzima. Ikiwa hifadhidata hiyo ni ya majaribio tu na hakuna atakayeililia, iwekwe katika hali sahili ya urejeshaji, na jarida litajisafisha kila inapofika chekipointi. Chaguo zote tatu zinaweza kuwa sahihi. Lisilo sahihi ni kuchagua hali kamili kisha kuacha kuchukua nakala, kwa maana unalipa gharama ya ulinzi bila kupata ulinzi wenyewe.

Wapo wanaolitatua tatizo hili kwa kupanga kazi ya kila usiku inayolipunguza faili la jarida kwa nguvu, na hapa nasema wazi kwamba sikubaliani nao. Kuachilia nafasi ndani ya jarida na kupunguza ukubwa wa faili ni mambo mawili tofauti. Faili lililopunguzwa usiku litakua tena asubuhi kwa sababu kazi ya mchana inalihitaji, na kila linapokua, seva kwa kawaida hulazimika kulijaza eneo jipya kwa sifuri huku miamala ikisubiri. Punguzeni faili mara moja, baada ya tukio lisilo la kawaida, mlipe ukubwa unaolingana na kazi yake halisi, kisha mliache.

Kama jibu la swali lile si LOG_BACKUP, huenda likawa ACTIVE_TRANSACTION. Hapo kuna muamala uliofunguliwa na haukufungwa: pengine mtu ameacha dirisha la maswali wazi akaenda nyumbani, au programu imekwama ikisubiri jibu la mtandao. Jarida haliwezi kuachiliwa kupita mwanzo wa muamala huo, hata nakala zikichukuliwa kila dakika. Kuongeza diski hakutasaidia sana. Kumpata mwenye muamala kutasaidia mara moja.

Mhitaji mwingine ni seva ya pili, ile inayopokea mabadiliko kutoka seva kuu ili iwe tayari kushika nafasi yake. Katika PostgreSQL, seva ya pili inaweza kutengewa nafasi maalumu ya urudufishaji, na seva kuu ikaahidi kutotupa kipande chochote cha jarida ambacho seva ya pili haijakisoma. Ahadi hiyo ni njema mpaka seva ya pili inapozimwa kabisa bila mtu kuifuta nafasi yake. Seva kuu huendelea kumngoja asiyekuja, vipande vya megabaiti 16 kila kimoja vikirundikana hadi diski inajaa. Tangu toleo la 13, lililotoka mwaka 2020, kuna kikomo kinachoweza kuwekwa ili seva kuu iache kungoja baada ya kiasi fulani, lakini kikomo hicho hakiwekwi chenyewe, na anayekiweka lazima ajue kwamba kikifikiwa, huenda seva ya pili ikabidi ijengwe upya.

Hifadhidata ya Oracle nayo ina tabia yake. Ikiwa katika hali ya kuhifadhi majarida na eneo la kuyahifadhi likajaa, hifadhidata husimamisha uandishi na kutoa kosa ORA-00257 kuliko kuliandika upya jarida ambalo halijahifadhiwa. Wengi hulalamika kwamba mfumo umekwama. Mimi naona umefanya kilicho sawa: umekataa kuupoteza ushahidi, ukamwita mtu. Kwenye IBM i, mfumo wa uendeshaji wa seva za IBM, vilevile, msimamizi akitaka kufuta kipokezi cha jarida, yaani chombo kinachobeba maandishi ya jarida, ambacho hakijawahi kuhifadhiwa kikamilifu, mfumo humuuliza kwanza kama ana hakika. Lakini jarida likisanidiwa ili mfumo uvifute vipokezi wenyewe baada ya kuvibadilisha, swali hilo haliulizwi, na vipokezi huondoka viwe vimehifadhiwa au la. Kagueni mpangilio huo kwenye kila jarida mnalolitegemea kwa urejeshaji.

Jambo la kufuta majarida kwa mkono limewaumiza watu kiasi kwamba waundaji wa PostgreSQL walibadilisha hata jina la saraka. Hadi toleo la 9.6 saraka ya majarida iliitwa pg_xlog, na wapo waliokuta diski imejaa, wakaona jina lenye "log", wakadhani ni faili za taarifa zisizo na maana, wakazifuta na kuiharibu hifadhidata nzima. Katika toleo la 10, mwaka 2017, saraka hiyo ikaitwa pg_wal. Kwa upande wa MySQL, majarida ya mabadiliko yanaweza kuondolewa kwa usalama kwa amri yake yenyewe ya PURGE BINARY LOGS, au kwa muda uliowekwa ambao katika toleo la 8.0 ni sekunde 2,592,000, yaani siku 30, kama hamkuubadilisha. Anayeyafuta kupitia mfumo wa uendeshaji huiacha orodha ya majarida ikitaja faili zisizokuwepo, na kama kuna seva ya pili iliyokuwa bado haijazisoma, huikatia njia. Kabla ya kutoa hata amri ile iliyo halali, angalieni kwanza seva ya pili imefika wapi.

Tukio la GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji misimbo ya programu zao, la tarehe 31 Januari 2017 linafaa kusomwa na kila aliyemo humu, kwa kuwa kampuni yenyewe ililieleza hadharani kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Seva ya pili ilibaki nyuma kwa sababu ya mzigo mkubwa, na vipande vya jarida ilivyovihitaji vilikuwa vimeshaondolewa kwenye seva kuu, wala havikuwa vimehifadhiwa kwingine. Ikabidi ijengwe upya kwa mkono, usiku, chini ya shinikizo. Katika harakati hizo mhandisi alifuta saraka ya data akiamini yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipozitafuta nakala za kila siku, hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia mtu. Waliokolewa na picha ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa sababu nyingine saa 6 hivi kabla ya tukio. Tukio zima hukumbukwa kama kosa la amri moja ya kufuta. Mimi hulisoma kuanzia nyuma zaidi, pale jarida lilipoondoka kabla ya mhitaji wake kulipata.

Sasa niingie kwenye usafishaji wa data yenyewe, maana baada ya kukataa kufuta majarida bado tunabaki na majedwali yenye miaka kumi ya kumbukumbu za kuingia na kutoka kwenye mfumo, vikapu vya manunuzi vilivyoachwa, na taarifa za makosa ambazo hakuna atakayezisoma tena. Hizo zinapaswa kuondoka. Hata hivyo kuna jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza: kufuta rekodi huliongeza jarida. Kila rekodi inayofutwa ni badiliko, na kila badiliko lazima liandikwe kwenye jarida kwanza, pamoja na mabadiliko ya kila faharasa, yaani orodha ya kuharakisha utafutaji, inayoigusa rekodi hiyo. Msimamizi mwenye diski iliyobakiza gigabaiti 5 akitoa amri moja ya kufuta rekodi milioni 200, anaweza kuijaza diski kwa jitihada ile ile ya kuiokoa. Na ikijaa katikati, hifadhidata italazimika kubatilisha yote iliyofanya, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu kuliko kufuta kwenyewe.

Ndiyo maana kufuta hufanywa kwa mafungu. Kazi inafuta rekodi 2,000, inakamilisha muamala, inapumzika kidogo, kisha inafuta nyingine 2,000. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Katika SQL Server, amri moja ikishika kufuli zipatazo 5,000 kwenye jedwali moja, mfumo hujaribu kuzibadilisha ziwe kufuli moja ya jedwali zima, na wote wanaotaka kuandika humo hungoja. Ukiwa chini ya kiwango hicho, wauzaji hawatahisi chochote. Mapumziko kati ya fungu na fungu yanaipa seva ya pili nafasi ya kufuata, na nakala za jarida nafasi ya kuliachilia eneo lililotumika. Kazi iliyo bora huangalia seva ya pili iko nyuma kwa sekunde ngapi, na ikizidi kiwango kilichokubaliwa, inasubiri. Pia ihakikishwe kwamba safu ya tarehe inayotumika kuchagua rekodi za kufuta ina faharasa, vinginevyo kila fungu la rekodi 2,000 litalazimu kusoma jedwali zima upya.

Kwa majedwali yanayokua bila kukoma kwa mpangilio wa tarehe, kuna njia iliyo bora zaidi kuliko mafungu, nayo ni kuligawa jedwali katika vipande vya mwezi mmoja mmoja tangu linapoundwa. Wakati wa kuondoa mwezi wa zamani ukifika, kipande kizima hutenganishwa na kudondoshwa kwa sekunde chache, na jarida hupokea maandishi machache mno kwa sababu hakuna rekodi inayofutwa mojamoja. Gharama yake ni kwamba lazima mfikirie mapema, na kulibadilisha jedwali kubwa lililokwisha kujaa ni kazi nzito. Kwa hiyo, ndugu watengenezaji wa programu, mnapounda jedwali jipya la kumbukumbu, ulizeni siku hiyo hiyo litafutwaje. Hifadhidata ya MongoDB inayo hata faharasa ya muda wa kuishi, ambapo kazi ya ndani hupita kila baada ya sekunde 60 na kuziondoa hati zilizopitwa na muda. Ni nyepesi na nzuri kwa vikao vya watumiaji, lakini sishauri itumike kwa chochote ambacho mkaguzi anaweza kukiulizia, kwani hufuta kimya kimya bila kumpa yeyote ripoti.

Baada ya kufuta, msitegemee diski ipungue papo hapo. Katika PostgreSQL rekodi iliyofutwa hubaki mahali pake hadi kazi ya usafi wa ndani, yaani vacuum, ipite. Na hata ikipita, nafasi hiyo kwa kawaida huachwa kwa rekodi zijazo za jedwali hilo hilo, hairudishwi kwa mfumo wa uendeshaji. InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, nayo hulibakiza faili katika ukubwa wake hadi jedwali lijengwe upya. Mkuu wa idara asimlaumu msimamizi akiona kipimo cha diski hakijasogea baada ya usiku mzima wa kufuta. Aangalie kama kimeacha kupanda katika wiki zinazofuata. Usafi huo wa ndani wenyewe pia huzuiwa na muamala uliosahauliwa wazi. Na ukichelewa mno, PostgreSQL inakabiliwa na hatari nyingine: namba zake za miamala ni za biti 32, huzunguka na kuanza upya, na bila usafi kuwahi, hifadhidata hukataa kuandika ili isichanganye ya zamani na ya sasa. Februari 2019 huduma ya barua pepe ya Mandrill, iliyo chini ya Mailchimp, ilivurugika kwa zaidi ya siku moja kwa sababu hiyo.

Hadi hapa nimesema na mafundi. Sasa nawageukia wakuu wa idara, kwa sababu swali la kitunzwe nini na kwa muda gani si la fundi. Fundi anajua jedwali lina ukubwa gani. Hajui kama ankara inatakiwa na sheria za kodi kwa miaka mingapi, wala kama kuna kesi inayoendelea inayomhusu mteja fulani. Anapoachiwa aamue, atachagua moja kati ya mawili: kutofuta chochote, kwa woga, au kufuta kwa kipimo cha diski. Kutofuta chochote nako si usalama. Kanuni ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka taarifa binafsi zisitunzwe kwa muda unaozidi ule unaohitajika kwa lengo lililozikusanya, na nchi nyingi zimetunga sheria zenye mwelekeo huo huo. Taarifa ambayo haipo kwenye seva haiwezi kuibwa kutoka humo.

Kwa hiyo kila jedwali kubwa liwe na mstari wake kwenye orodha ya utunzaji: data ni ya nani, inatunzwa kwa muda gani, muda huo unahesabiwa kuanzia tukio gani, na nani ametia sahihi. Hilo la tatu ndilo huleta madhara zaidi. Tukisema "ankara zifutwe baada ya miaka 7" na kazi ikahesabu tangu ankara ilipoandikwa, itafuta na ankara ya zamani ambayo mteja bado anadaiwa, na deni litatoweka bila kufutwa rasmi na mtu yeyote. Muda uhesabiwe tangu ankara ilipofungwa, na iliyo wazi isiguswe kamwe. Pawepo pia alama ya kuzuia, ambayo wanasheria wanaweza kuiweka kwenye rekodi za mhusika fulani, na kazi ya kufuta iiheshimu bila kuuliza.

Suala la nakala rudufu halikwepeki hapa. Mteja akiomba afutwe, nasi tukamfuta kwenye majedwali, bado yumo kwenye nakala za mwezi uliopita na kwenye majarida yaliyohifadhiwa. Kuingia ndani ya nakala za zamani na kumtoa mtu mmoja mmoja ni kazi ambayo mara nyingi haiwezekani bila kuziharibu. Linalowezekana ni mambo mawili: nakala zenyewe ziwe na ukomo unaojulikana, na pawepo orodha ndogo ya namba za rekodi zilizofutwa kwa ombi, inayotunzwa mahali tofauti na hifadhidata. Siku nakala ya zamani ikirejeshwa, orodha hiyo hupitishwa tena kabla ya mfumo kufunguliwa kwa watumiaji. Bila hivyo, kila urejeshaji utawafufua watu tuliowaahidi kwamba wameondoka.

Nimalizie na ratiba yenyewe. Kazi ya kufuta ianze baada ya nakala ya usiku kukamilika na kuthibitishwa, na isianze kabisa ikiwa nakala hiyo imeshindwa. Isitegemee saa peke yake. Kuandika kwenye cron, programu ya kuanzisha kazi kwa saa, kwamba nakala ni saa 7 usiku na kufuta ni saa 9 ni kudhani kwamba nakala haitachukua zaidi ya saa mbili, na data ikikua, kazi hizo mbili zitakutana. Kufuta kusipangwe siku za kufunga hesabu za mwezi wala za mwaka. Kazi mbili za aina moja zisiweze kwenda kwa pamoja. Rekodi tegemezi zifutwe kabla ya rekodi mama, ili zisibaki mistari ya ankara isiyo na ankara.

Muhimu kuliko yote hayo, kazi ihesabu kabla ya kufuta. Ikiwa kwa kawaida hufuta rekodi laki tatu kwa usiku na leo hesabu inaonyesha milioni tisini, kuna kilichoharibika: saa ya seva imeruka mbele, mtu amekosea sharti, au data imeingizwa na tarehe zisizo sahihi. Katika hali hiyo kazi ijisimamishe na isifute hata rekodi moja. Kila inapomaliza salama iandike ilifuta nini, kutoka jedwali gani, kwa kanuni ipi na kwa muda gani, na ripoti hiyo ifike mahali ambapo kutofika kwake kutaonekana, kwa sababu kama tulivyoona, barua ya kushindwa isiyofika inafanana kabisa na mafanikio.

Na mara kwa mara, tuseme kila robo ya mwaka, chukueni nakala moja na majarida yake, mvirejeshe kwenye seva tupu hadi dakika mliyoichagua, kisha mhasibu alinganishe salio la dakika hiyo na lile la vitabu vyake. Hapo ndipo mtakapojua kama muda mliouweka wa kutunza majarida unatosha au umepitiliza.

Kinachobaki ni jina. Kazi ikijisimamisha saa 9 usiku, msimamizi wa zamu asiachwe peke yake na swali la kama rekodi milioni tisini ziondoke. Naomba kila idara iliyomo humu iandike, kwenye ratiba hiyo hiyo ya kufuta, jina la mwenye mamlaka ya kusema endelea au acha, pamoja na la pili atakayepigiwa simu huyo wa kwanza akikosekana.